Sura Isiyo na Kabila: Kundi la Mashujaa kutoka Katuni hadi Tamthilia ya Televisheni

Utangulizi

Hadithi za katuni ni miongoni mwa tanzu zilizosomwa sana na kuhakikiwa kidogo mno katika Afrika Mashariki. Juha Kalulu, mhusika aliyebuniwa na Edward Gitau, alichekesha vizazi kadhaa vya wasomaji wa gazeti la Taifa Leo bila wahakiki kujishughulisha sana na alichokuwa akikisema. Katika miaka ya 1980, mfululizo wa Pichadithi ulitolewa mjini Nairobi ukisimulia ngano na visakale vya jamii mbalimbali za Kenya kwa michoro. Mnamo mwaka wa 1996 shirika la Sasa Sema lilianza kuchapisha vitabu vya katuni, kikiwemo Abunuwasi cha Gado. Licha ya hayo yote, mjadala wa kitaaluma umeendelea kuzunguka riwaya, tamthilia na ushairi, kana kwamba mchoro wenye maneno si matini.

Makala haya yananuia kuchunguza tatizo moja mahsusi la utanzu huu, nalo ni lile linalozuka pale hadithi ya katuni inayohusu kundi la mashujaa inapogeuzwa kuwa tamthilia ya televisheni yenye waigizaji wa damu na nyama. Kwa kawaida tatizo hili huelezwa kuwa la kifedha au la kiufundi. Husemwa kwamba kuchora mtu akiruka juu ya jumba la ghorofa kumi ni jambo la kalamu na wino, ilhali kumwonyesha mwigizaji akifanya hivyo kwahitaji mitambo na mamilioni ya shilingi. Dai hilo lina ukweli, lakini haligusi kiini. Hoja inayoendelezwa hapa ni kwamba katika mazingira ya Kenya ugumu mkubwa uko katika uso na sauti. Mchoro waweza kumpa shujaa sura isiyo na kabila na maneno yasiyo na lafudhi, mwigizaji hawezi. Ili kuithibitisha hoja hii, makala yanatumia katuni ya Shujaaz kama mfano mkuu, na kuilinganisha na kazi nyingine za hapa nchini na za ng'ambo.

Shujaa Mmoja na Kundi la Mashujaa

Ni muhimu kwanza kubainisha istilahi. Shujaa wa jadi katika fasihi ya Afrika Mashariki kwa kawaida ni mtu mmoja. Fumo Liyongo, kama anavyosawiriwa katika utendi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka wa 1913, anaizidi jamii yake kwa kimo, nguvu na kipaji cha utunzi, na ndiyo sababu jamii hiyo haimwezi ila kwa hila ya kumtumia mwanawe mwenyewe. Lwanda Magere wa Waluo ana mwili wa jiwe usiopenyeka kwa mkuki, na nguvu zake zimo katika kivuli chake. Siri hiyo inafichuliwa na mke aliyetoka kwa maadui zake, ambao katika masimulizi mengi ni Wanandi. Wote wawili wanajengwa katika muundo mmoja: upekee, siri, usaliti, kifo. Jamaa na marafiki wanaowazunguka wapo ili kuwatukuza au kuwasaliti.

Kundi la mashujaa, kwa upande mwingine, lilikomaa katika katuni za Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960, ambapo Justice League of America (1960), Fantastic Four (1961) na X-Men (1963) zilianza kutolewa. Katika muundo huu hakuna shujaa aliyekamilika peke yake. Kila mhusika ana kipawa kimoja na upungufu mmoja, na msuko unasukumwa na haja ya kuunganisha vipawa hivyo dhidi ya hatari inayowakabili wote. Kwa mintarafu hii, mgogoro wa ndani wa kundi huwa na uzito sawa na mgogoro wake na adui. Swali la kudumu katika hadithi za aina hii ni kama watu wasiofanana waweza kuaminiana.

Swali hilo si geni kwa Kenya, na ndipo umuhimu wa kifasihi wa muundo huu unapojitokeza. Nchi yenye jamii zaidi ya 40, iliyopigana mara kadhaa baada ya uchaguzi, ina kila sababu ya kujitazama katika kioo cha kundi kuliko katika kioo cha shujaa mmoja. Liyongo anajibu swali la nani aliye mkuu, ilhali kundi linauliza ni nani atakayemlinda nani.

Shujaaz: Majina na Lugha

Katuni ya Shujaaz ilianza kutolewa nchini Kenya mwezi wa Februari 2010 na kampuni ya Well Told Story ya Nairobi. Iligawiwa bila malipo, ikiingizwa ndani ya gazeti la Daily Nation na kupatikana pia katika vibanda vya wakala wa simu. Sambamba na katuni hiyo kulikuwa na kipindi cha redio kilichorushwa na vituo mbalimbali vya FM. Mwaka wa 2012 mradi huo ulitunukiwa tuzo ya kimataifa ya Emmy, na mwaka wa 2015 ukapanuliwa hadi Tanzania.

Wahusika wakuu wa toleo la Kenya walikuwa Boyie, Maria Kim, Charlie Pele na Malkia. Hawana mabawa wala miale ya moto machoni, lakini wanatimiza masharti ya kimsingi ya kundi la mashujaa. Boyie, kijana asiye na ajira, ana kipawa cha ufundi. Amejitengenezea kituo cha redio chumbani mwake, na kwa siri huingilia masafa ya vituo rasmi ili kuzungumza na vijana wenzake. Ana jina la hewani na jina la nyumbani, kama ilivyo desturi ya mashujaa wa katuni wanaoishi maisha mawili. Hadithi za wenzake huenda sambamba na yake, na sauti yake ya redio ndiyo inayoziunganisha.

Majina ya wahusika hawa yanastahili kuangaliwa kwa makini. Boyie ni jina la mtaani. Pele ni jina la nyota wa kandanda kutoka Brazil. Malkia ni cheo kilichofanywa jina. Kim laweza kuwa kifupisho cha Kimani, Kimutai au Kimeu, yaani laweza kuwa la Mkikuyu, la Mkalenjin au la Mkamba. Msomaji ataamua mwenyewe, au hataamua kabisa. Katika nchi ambapo jina la pili la mtu huulizwa mara tu baada ya jina la kwanza, wahusika wanne wanaopita kurasa nyingi bila kufichua watokako ni tukio la kimtindo ambalo ni vigumu kuliita sadfa.

Lugha nayo inafanya kazi hiyo hiyo. Shujaaz iliandikwa kwa Sheng, lugha ambayo hakuna kabila linaloidai kuwa yake. Sheng ina lahaja zake, na kijana wa mitaa ya mashariki mwa Nairobi haongei kama mwenzake wa Langas au Huruma mjini Eldoret. Lakini Sheng iliyoandikwa ndani ya kiputo cha maneno haina lafudhi. Msomaji ndiye anayeitia sauti yake mwenyewe. Kijana wa Kapsabet humsikia Boyie akizungumza kama watu wa Kapsabet, na kijana wa Nyeri humsikia akizungumza kama watu wa Nyeri. Kwa namna hii kila msomaji humfanya shujaa kuwa wa kwao.

Muktadha wa kihistoria unaipa mbinu hii uzito wa ziada. Katuni hii ilizuka miaka miwili baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Tume ya Waki iliandika kwamba watu 1,133 waliuawa. Eldoret na viunga vyake vilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika vibaya kabisa. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa lilichomwa moto likiwa na watu waliokuwa wamekimbilia humo. Katika siku hizo jina lililoandikwa kwenye kitambulisho na namna ya kutamka neno moja vilitosha kumweka mtu upande mmoja au mwingine wa kizuizi cha barabarani. Tume hiyo hiyo ilizinyoshea kidole baadhi ya redio za lugha za kwanza kwa uchochezi. Kubuni, mara tu baada ya hayo, shujaa ambaye ni mtangazaji wa redio, asiye na kabila linalojulikana na anayesema lugha isiyo ya kabila lolote, ni kuijibu historia hiyo moja kwa moja, hata pale ambapo hadithi yenyewe inazungumzia mbolea, mapenzi au ajira.

Uso wa Mchoro na Uso wa Mwigizaji

Scott McCloud, katika kitabu chake Understanding Comics (1993), alieleza kwamba kadiri uso unavyorahisishwa katika mchoro ndivyo unavyoweza kuwa uso wa watu wengi zaidi. Picha halisi ya mtu ni ya mtu mmoja. Duara lenye nukta mbili na mstari ni la yeyote. Alieleza pia kwamba sehemu kubwa ya maana katika katuni hutokea katika nafasi tupu iliyo baina ya fremu, ambapo msomaji hulazimika kukamilisha kitendo ambacho hakikuchorwa. Maelezo haya mawili yanatosha kuonyesha ni kwa nini katuni ni chombo kinachofaa kwa shujaa asiye na kabila: uso wake umerahisishwa, na yale ambayo yangemfichua yaweza kuachwa baina ya fremu.

Tofauti ya vyombo hivi viwili hudhihirika hata katika hadithi ya kale. Kivuli cha Lwanda Magere, kikichorwa, ni doa la wino lenye uzito sawa na mwili wake. Vyote viwili vimetoka katika kalamu moja, na msomaji hapati taabu kuamini kwamba mkuki ukichomwa katika kimoja, kingine kitatoka damu. Mbele ya kamera, kivuli huwa ni matokeo ya taa na pembe ya jua. Mwelekezi sharti afanye kazi ya ziada ili mtazamaji akione kuwa kiungo cha mwili. Kwa hakika, uigizaji haufanyi kila kitu kuwa halisi zaidi. Kuna mambo ambayo unayapunguzia uhalisi.

Mfano wa ng'ambo unaoeleza vizuri zaidi suala la uso ni The Umbrella Academy. Katuni hiyo ya Gerard Way na Gabriel Bá, iliyoanza mwaka wa 2007, inahusu ndugu saba wa kulea wenye vipawa. Ilifanywa tamthilia ya televisheni ya Netflix iliyoonyeshwa kuanzia mwaka wa 2019 hadi 2024. Sehemu ya pili ya katuni, iliyotolewa mwaka wa 2008 na 2009, inawapeleka wahusika katika mji wa Dallas na mauaji ya Rais Kennedy ya mwaka wa 1963. Katika katuni, Allison hakuchorwa kama mwanamke mweusi. Katika tamthilia, nafasi yake iliigizwa na Emmy Raver-Lampman, ambaye ni mweusi. Msimu wa pili, ulioonyeshwa mwaka wa 2020, ulipowashusha wahusika katika Dallas ya miaka hiyo, haikuwezekana kwa mwanamke mweusi kutembea katika mji wa ubaguzi bila ubaguzi huo kuingia katika hadithi. Hivyo Allison akaolewa na mwanaharakati wa haki za raia, na maandamano ya kuketi katika mkahawa wa Wazungu yakawa sehemu ya msuko. Rangi ya ngozi ya mwigizaji ilizaa ploti ambayo mchoro haukuihitaji.

Jambo kama hilo lilitokea tena katika msimu wa tatu wa mwaka wa 2022. Elliot Page, aliyeigiza nafasi ya Vanya, alikuwa ametangaza kuwa ni mwanamume, na mhusika naye akageuka kuwa Viktor. Msimamo wowote atakaokuwa nao msomaji juu ya masuala ya jinsia, funzo la kinadharia halibadiliki. Mchoro hubaki jinsi ulivyochorwa, lakini mwigizaji ana maisha yake nje ya matini, na maisha hayo yana njia ya kuingia ndani.

Kenya yenyewe imewahi kupitia tatizo hili mikononi mwa wageni. Ororo, anayejulikana kama Storm katika kundi la X-Men, alibuniwa mwaka wa 1975 na Len Wein na Dave Cockrum. Mama yake ni Mkenya, na msomaji anamkuta kwa mara ya kwanza akiabudiwa kama mungu wa kike katika Kenya ya mbuga na ngurumo. Mchoro haukulazimika kusema ni mahali gani hasa nchini Kenya, wala watu hao ni akina nani. Filamu ya mwaka wa 2000 ilipompa mwili wa Halle Berry, ilimpa pia lafudhi iliyodhaniwa kuwa ya Kiafrika. Katika filamu iliyofuata mwaka wa 2003, lafudhi hiyo ilikuwa imekwisha kutoweka. Mwenye kuicheka lafudhi ile aanze kwa kujiuliza ni ipi ingekuwa sahihi. Lafudhi ya Mkenya asiye wa mahali popote haipo.

Njia Mbili Zilizokwisha Kujaribiwa

Ikiwa uso na lafudhi ndivyo vikwazo, basi televisheni ya Kenya imekwisha kuvijaribia suluhisho mbili, ingawa si katika hadithi za mashujaa.

Ya kwanza ni ya kikaragosi. Gado, mchoraji aliyezaliwa Dar es Salaam na kujipatia sifa katika magazeti ya Nairobi, alianzisha The XYZ Show mwaka wa 2009 katika kituo cha Citizen, akifuata mfano wa kipindi cha Kifaransa cha Les Guignols de l'info. Wanasiasa waliozoeleka katika katuni zake za gazetini waligeuzwa kuwa vikaragosi vya mpira vyenye sauti za kuigizwa. Suluhisho hili lilikuwa la busara, kwa kuwa liliuhamisha mchoro hadi televisheni bila kuuvua uchoro wake. Lakini kikaragosi cha aina hii hufanya kazi kwa sababu mtazamaji anamjua mtu halisi anayekejeliwa. Kipindi hicho kilikuwa tashtiti, na tashtiti huishi kwa kutambulisha. Shujaa wa kundi, kinyume chake, anahitaji kutotambulishwa. Isitoshe, kikaragosi huchekesha na kuchoma. Ni muhali kumfanya mtazamaji amhofie au ampende kwa vipindi ishirini mfululizo.

Suluhisho la pili ni la zamani zaidi, na limepuuzwa na wahakiki zaidi. Katika Vitimbi ya KBC, Mzee Ojwang' alijulikana kote nchini kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kijaluo. Mwigizaji wake, Benson Wanjau, aliyefariki mwaka wa 2015, alikuwa Mkikuyu. Kwa miaka mingi mamilioni ya watazamaji walimpenda mzee wa Kijaluo aliyeumbwa kwa ulimi wa Mkikuyu. Kama ungekuwapo ushahidi mmoja tu kwamba lafudhi si damu bali ni kinyago kinachoweza kuvaliwa kwa ustadi na kwa mapenzi, basi huu ungetosha.

Hata hivyo, suluhisho hili nalo lina mpaka. Lafudhi katika vichekesho vya Kenya imekuwa chombo cha kicheko. Mlinzi wa lango, mpishi, mzee mkaidi na mfanyabiashara mbahili hupewa kila mmoja lafudhi yake, na mtazamaji hujua la kutarajia mara tu mhusika anapofungua kinywa. Wakati huo huo, daktari, wakili na mpenzi katika tamthilia hizo hizo mara nyingi huzungumza Kiswahili au Kiingereza kilichopigwa pasi. Kwa maneno mengine, pamejengeka mgawanyo wa kazi ambapo lafudhi ni ya kuchekwa na ukosefu wa lafudhi ni wa kuheshimiwa. Mwandishi anayekusudia kuleta kundi la mashujaa katika televisheni anaukuta mgawanyo huo ukimngoja mlangoni. Akiwapa mashujaa wake lafudhi, watazamaji watacheka. Akiwanyima, watakuwa watoto wa Nairobi wa tabaka moja, na kijana wa Turbo au Burnt Forest atawatazama kama wageni.

Redio ya Shujaaz ilikuwa imekwisha kuonyesha dalili ya jambo hili. Pindi Boyie alipopata sauti, alipata pia mahali. Sauti ile ilikuwa ya mtu mmoja, na Sheng yake ilikuwa ya mtaa fulani. Redio bado ilimwachia msomaji uso, kwa hiyo hasara ilikuwa ya nusu. Na mradi ulipovuka mpaka kwenda Tanzania haukumpeleka Boyie. Ulibuni mtangazaji mwingine, DJ Tee, mwenye Kiswahili cha vijana wa huko. Uamuzi huo ulikuwa ungamo la kimyakimya kwamba shujaa akisha kuwa na sauti hawi tena wa kila mtu.

Njia ya Tatu

Yumkini msomaji atahitimisha kwamba Boyie na wenzake waachwe katika karatasi. Hitimisho hilo lingekuwa la haraka. Sura isiyo na kabila ni zawadi, lakini pia ni ukwepaji. Mhusika asiye na kwao hawezi kulazimishwa kuchagua baina ya kwao na rafiki yake. Katuni inaweza kuonyesha vijana wanne wakisaidiana, lakini haiwezi kuonyesha gharama ya msaada huo, kwa sababu haijasema ni nani angewalaumu nyumbani kwa kuutoa. Machafuko ya mwaka wa 2008 hayakutokana na Wakenya kuwa na makabila. Yalitokana na jinsi ukabila huo ulivyotumiwa katika ushindani wa mamlaka na ardhi. Fasihi inayofuta makabila ili kuleta amani inaponya mgonjwa mwingine.

Kuna kielelezo bora zaidi, nacho kimo ndani ya tamthilia ya Kiswahili yenyewe. Katika Kinjeketile (1969) ya Ebrahim Hussein, baadhi ya wahusika wanaitwa kwa majina ya makabila yao, kama vile Mkichi na Mngindo. Huu ni utaratibu ulio kinyume kabisa na ule wa Shujaaz. Hussein hafichi watokako watu wake; anaanza na hilo. Umoja unaozaliwa katika tamthilia hiyo unakuwa na uzito kwa sababu hadhira imekwisha kuuona utengano. Aidha, tamthilia inakataa kuuweka umoja huo katika mwili wa mtu mmoja. Kinjeketile mwenyewe anatilia shaka maji yake, na wazo linamponyoka na kuwa la umma.

Kithaka wa Mberia naye, katika Kifo Kisimani (2001), aliichukua hadithi ya Liyongo na kuipandikiza katika nchi ya kubuni ya Butangi inayotawaliwa na Mtemi Bokono. Mwelusi anauawa kisimani kwa usaliti wa Gege, ndugu yake, kama vile Liyongo alivyouawa na mwanawe. Lakini kuna badiliko la msingi: Mwelusi hayuko peke yake. Ni mmoja wa wapiganiaji haki, na kifo chake hakiuzimi upinzani bali kinauchochea. Hivyo mwandishi amemgeuza shujaa pweke wa utendi kuwa mwanachama wa kundi. Safari kutoka Liyongo hadi kundi, ambayo ingedhaniwa kuwa ni ya kuiga Marekani, imekwisha kusafiriwa na tamthilia ya Kiswahili kwa miguu yake yenyewe.

Kutokana na mifano hii, yawezekana kupendekeza njia ya tatu. Tamthilia ya televisheni inayotokana na katuni ya aina ya Shujaaz isiige ukimya wa mchoro kuhusu asili ya wahusika. Iwape mashujaa wake lafudhi, majina ya pili, na wazazi wanaozungumza lugha zao, huku maneno ya lugha hizo yakiandikwa kwa Kiswahili chini ya picha. Iwaache wabadilishe lugha kama Wakenya wabadilishavyo: Sheng wakiwa pamoja, Kiswahili mbele ya mzee wasiyemjua, Kikalenjin au Kikuyu mbele ya nyanya. Kinyago cha shujaa, ambacho katika katuni za Marekani huvaliwa usoni, hapa kingekuwa cha ulimi. Boyie wa hewani angesema lugha ya wote. Boyie wa nyumbani angesema lugha ya mama yake. Siri ya shujaa isingekuwa tena hila ya ploti, bali ingekuwa hali ambayo kila kijana wa mjini Eldoret anaijua, anapopokea simu ndani ya matatu na kuwaza ajibu kwa lugha gani.

Kwa upande wa uteuzi wa waigizaji, mfano wa Benson Wanjau ufuatwe na uendelezwe. Si lazima anayeigiza Mkalenjin awe Mkalenjin. Kinachohitajika ni ustadi unaotosha kumfanya mwenye lugha yake ajisikie ametendewa haki, na uandishi usiomtumia mhusika huyo kama kichekesho. Zoezi la mwigizaji mmoja kujifunza ulimi wa jirani yake, kwa uzito na si kwa dhihaka, lingekuwa lenyewe tendo la kishujaa la aina ambayo kundi hilo linakusudiwa kulifundisha.

Pingamizi mbili zinatarajiwa. Ya kwanza ni kwamba vijana wa leo wamekwisha kuyavuka mambo haya, na kwamba kuwatajia makabila ni kuwarudisha nyuma. Iwapo ni kweli, hadithi haitawadhuru, itawasadikisha. Lakini historia ya chaguzi za Kenya, tangu miaka ya 1990, inamtaka mhakiki awe na hadhari kabla ya kutangaza kwamba jambo hili limepita. Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: huenda kumtambulisha shujaa kwa kabila lake kukawafanya watazamaji kumgawana, kila jamii ikimshangilia wake. Hatari hiyo ipo. Kinga yake imo katika muundo wenyewe wa kundi. Vipawa vikigawanywa hivi kwamba hakuna shujaa anayeweza kumaliza kipindi bila mwenzake, basi kumshangilia mmoja peke yake ni kutaka hadithi isiishe. Hapa ndipo waandishi wa televisheni watakapopimwa, maana kuna kishawishi cha kumkweza mwigizaji mmoja anayependwa zaidi na kuwageuza wengine kuwa wasindikizaji, na hapo kundi litakuwa limerudi kuwa Liyongo.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kugeuza katuni ya kundi la mashujaa kuwa tamthilia ya televisheni si suala la kuhamisha ploti kutoka karatasini hadi kwenye kioo, wala la uwezo wa mitambo. Ni kubadilisha namna ya kuwapo kwa mhusika. Mchoro unamwezesha shujaa kuwa wa kila mtu kwa kutokuwa wa mtu yeyote. Mwigizaji anamfanya awe wa mahali fulani, na kuanzia hapo hadithi inadaiwa maelezo ambayo katuni ilikuwa imeyaahirisha. The Umbrella Academy ililipa deni hilo kwa kuandika upya maisha ya Allison. Vitimbi ililipa kwa kicheko. The XYZ Show iliubakiza mchoro na hivyo haikuwa na deni la aina hiyo.

Hakuna sababu ya kudhani kwamba Boyie, Maria Kim, Charlie Pele na Malkia watapungua kwa kupewa sura za watu. Watakachopoteza ni ule usalama wa kutoulizwa watokako. Katika mji kama Eldoret, ambako swali hilo limewahi kugharimu maisha, usalama huo si kitu kidogo, na waliouchora walikuwa na haki ya kuutunza. Ila fasihi haiwezi kuishi humo daima. Itafika siku ambapo mmoja wa mashujaa hao atasimama mbele ya kamera, ataulizwa jina lake la pili, naye atalitaja, na wenzake wataendelea kusimama pale pale walipokuwa.